Maswali ya Wasomaji: Kosa Lipewe Jina Lake

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika kwa lugha ya kompyuta ya Rust programu inayosoma faili la malipo, ambamo kila mstari una namba ya risiti na kiasi. Fanksheni yangu hurudisha Result, yaani thamani inayobeba ama jibu (Ok) ama kosa (Err), na upande wa Err nimeweka maandishi ya kawaida. Juzi mwenzangu alisahihisha tahajia ya ujumbe mmoja, na tangu hapo faili lisipopatikana programu hailitafuti tena kama zamani, ilhali kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo wangu, haikulalamika. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, kuchagua Result hukukosea. Ulipokosea ni kulieleza kosa kwa maandishi matupu, kwa maana kompaila haielewi maneno yaliyomo, na kwa hiyo uamuzi wa programu yako ukawa unategemea tahajia.

Result ni aina jumlishi: thamani yake ni Ok au Err, wala haiwezi kuwa zote mbili. Tuseme Ok hubeba kweli au uongo, na Err hubeba mojawapo ya makosa 3. Ukijumlisha 2 na 3 unapata thamani 5, na zote zina maana. Lau ungerudisha jozi ya jibu na kosa, kila upande ukiruhusiwa kuwa mtupu, ungezidisha 3 (majibu 2 na utupu) kwa 4 (makosa 3 na utupu) upate 12, na 7 kati ya hizo ni hali zisizopaswa kuwepo kabisa, kama vile jibu na kosa kwa pamoja.

Basi tumia ujumlishaji huohuo ndani ya Err. Tangaza enum, yaani aina yenye orodha ya hali zilizopewa majina, yenye HakunaFaili, MstariMbovu inayobeba namba ya mstari, na KiasiHasi, kisha uzishughulikie zote kwa match, amri inayochagua cha kufanya kwa kila hali. Nakusihi usiweke pale alama ya _ inayopokea chochote kilichosalia, kwani siku mwenzako atakapoongeza kosa la 4, kompaila inapaswa kukataa hadi mlishughulikie, na alama hiyo huinyamazisha.

Alama ya ?, iliyoingia rasmi katika Rust 1.13 mwaka 2016, hurudisha Err moja kwa moja kwa aliyeita fanksheni, na itakupunguzia kuandika, lakini husimamisha usomaji wa faili mara tu kosa la kwanza linapotokea. Kwa malipo, ningekusanya makosa yote ya mistari katika orodha, ili mhasibu aione mistari mibovu yote kwa mara moja, badala ya kurekebisha mmoja, kuendesha programu upya, na kukutana na mwingine.