Swali la lugha: Upepo wa Jua huuathiri Mwezi, au huathiriana nao?

Msomaji anayeandaa makala ya sayansi anauliza kama ni sahihi kuandika "upepo wa Jua huathiriana na Mwezi". Mhariri wake ameandika badala yake "huuathiri Mwezi", kwa hoja kwamba gimba lisilo na angahewa hupokea tu.

Hoja hiyo ina msingi, kwa kuwa kauli ya kutendana hudai pande zote mbili ziwe zinatenda. Lakini sarufi haiwezi kuamua jambo hili kabla hatujajua kinachotokea huko mwezini.

Upepo wa Jua ni mkondo wa chembe zenye chaji, hasa protoni na elektroni, zinazosafiri kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, na pengine zaidi. Dunia inakingwa na uga wake wa sumaku pamoja na angahewa, ilhali Mwezi hauna kinga ya namna hiyo, hivyo chembe hizo huupiga udongo wenyewe. Baadhi hujipenyeza ndani ya punje za vumbi, nyingine hung'oa atomu usoni mwa punje hizo, na baada ya muda mrefu sana vumbi hufifia na kuwa jeusi zaidi. Wanaanga wa Apollo 11, Julai 1969, walitundika karatasi ya alumini iliyonasa chembe hizo kwa dakika 77, kisha wakairudisha duniani ikapimwe. Kwa matukio hayo, "huuathiri" inatosha kabisa.

Hata hivyo, Mwezi nao hutenda. Vipimo vya Chandrayaan-1, chombo ambacho India ilikirusha mwaka 2008, vilionyesha kwamba hadi 20% hivi ya protoni hurudi angani zikiwa zimegeuka atomu za hidrojeni zisizo na chaji. Mwezi pia huuziba mkondo, ukaacha nyuma yake pengo lenye chembe chache mno. Na penye miamba yenye sumaku, kama kwenye eneo la Mwezi liitwalo Reiner Gamma, chembe nyingi hukengeushwa.

Kwa hiyo makala inayoeleza pande zote mbili inastahili "huathiriana", nami ningeirudisha bila kusita. Ila msomaji aangalie muundo: aandike "upepo wa Jua na Mwezi huathiriana" au "upepo wa Jua huathiriana na Mwezi", kamwe si "huuathiriana Mwezi", kwa sababu kauli ya kutendana haibebi kiambishi cha yambwa hiyo, yaani "-u-" inayosimama badala ya Mwezi.