Sabuni ya mwani: muulize muuzaji kwanza

Shoga, umeuliza sabuni za mwani zinouzwa mjini kama kweli zinawafaa kina mama wanaolima mwani kule Paje, Unguja, au jina tu. Mie nakwambia muulize muuzaji imepikwa wapi na nani, akianza kubabaika we pita zako. Mwani mkavu wa kuuza kwa kilo ndo hauna maslahi, mama bamvua zima, siku maji yanapokupwa sana, kainama majini anafunga mwani kwenye kamba, mzigo unasafirishwa nje ukatiwe kwenye dawa za meno na aiskrimu huko, yeye anabaki na vijisenti (na kotonii yenyewe, aina ya mwani wanaolima, siku hizi inakufa kwa bahari kupata joto). Sabuni wakiipika wenyewe angalau wanapata. Ukenda Paje au Jambiani nunua mkononi mwao, na bei usiwakabe, mbona madukani hatupunguziwi na twanyamaza.