Maswali ya Wasomaji: Nani adui namba moja wa Gotham?

Toleo lililopita tuliandika kwamba katika Gotham, tamthilia ya mji wa Batman kabla Batman hajatokea, iliyorushwa na kituo cha Fox cha Marekani kuanzia Septemba 22, 2014 hadi Aprili 25, 2019, adui namba moja ni Oswald Cobblepot, yaani Penguin, wala si Jerome Valeska, yule kijana mwendawazimu mwenye kicheko. Barua zimemiminika, nyingine kali. Tumechagua zenye hoja. Kama hujaitazama, ujue majibu haya yanafichua mengi.

Swali: Mmemdharau Jerome bure. Akitokea yeye hata steringi anasahaulika. Huyo Penguin kazi yake kumlilia mama yake. Amefanya nini hasa? (Msomaji, Temeke)

Kulia analia, ndugu yetu, lakini hesabu alizopiga katika sehemu saba za mwanzo za msimu wa 1 hakuna adui mwingine wa tamthilia hii aliyezifikia. Tuzipange zilivyokwenda, maana tunaonyeshwa kwa mafungu na ufunguo unatolewa mwishoni.

Anaanza kama kijana wa kumshikia mwamvuli Fish Mooney, mwenye klabu aliye chini ya bosi mkuu wa wahalifu wa mji, mzee Carmine Falcone. Pembeni anawauzia siri wapelelezi Montoya na Allen. Fish anagundua, anamvunja mguu kwa kiti (ule mwendo wa kuchechemea ulianzia hapo), kisha Jim Gordon, mpelelezi mgeni kazini, anaamriwa ampeleke gatini akammalize, ili aonyeshe yuko upande gani. Gordon anafyatua risasi pembeni ya kichwa, anamsukumia mtoni na kumwonya asirudi Gotham tena.

Anarudi. Anapata kazi ya kuosha vyombo katika mgahawa wa Sal Maroni, hasimu wa Falcone. Sehemu ya 4 mgahawa unavamiwa, meneja anauawa, fedha zinachukuliwa, na Penguin anajitokeza na mfuko mmoja aliouokoa. Maroni anampa umeneja palepale. Waliovamia aliwatuma yeye mwenyewe, na baadaye anawapelekea kanoli, vile vitamu vya Kiitaliano vya kujazwa krimu, vikiwa na sumu. Wanakufa wote, fedha zinabaki kwake, shahidi hakuna.

Sehemu ya 6 inaisha akiingia kituo cha polisi kwa miguu yake, wakati Montoya na Allen wamekuja kumkamata Gordon kwa kosa la kumuua. Ya 7, Penguin's Umbrella, inatoa ufunguo: kabla ya kupelekwa gatini, Penguin alikwisha kuonana na Falcone. Alimfichulia njama ya Fish na Nikolai, mmoja wa watu wake wakubwa, ya kumpindua, akaomba jambo moja tu, kwamba atakayetumwa kumuua awe Gordon. Alimsoma akaona huyu ni mwadilifu, mkono wake hautatii. Kwa hiyo siku zote alizokuwa akisugua sahani za Maroni, alikuwa macho ya Falcone ndani ya nyumba ya hasimu.

Itazame tena hiyo sehemu ya 7, pale anapommaliza Frankie Carbone, mtu wa Maroni. Carbone yupo na vijana wake mwenyewe, anajiona salama. Ghafla vijana hao hao wanamshika mikono, na Penguin anamchoma kisu huku akimweleza kosa lake: alikuwa bahili, aliwalipa kidogo. Penguin aliwalipa zaidi. Ndivyo anavyoshinda muda wote. Hana misuli wala ukoo, ila anajua kila mtu analipwa kiasi gani na ana kinyongo na nani.

Jerome hana hesabu ya namna hiyo. Cameron Monaghan anamwigiza vizuri mno, hilo hatubishani. Lakini Jerome hataki chochote kinachoweza kunyang'anywa, iwe mtaa, bandari au cheo, kwa hiyo Gordon hubaki na kazi moja tu ya kuwahi kufika. Msimu wa 2 anatumiwa na tajiri Theo Galavan, na Galavan huyo huyo anamchoma kisu jukwaani sehemu ya 3 ili aonekane shujaa. Aliyekuwa na mpango pale ni Galavan.

Swali: Mnamsifu kana kwamba hakosei. Mbona Maroni alimkamata? (Msomaji, Nakuru)

Alimkamata kweli, sehemu ya 14, na kosa lilikuwa la Penguin: alimwacha Fish hai akiwa na kinyongo. Fish alipiga simu moja tu kwa Maroni akamweleza nani mpelelezi wa Falcone. Maroni akamchukua Penguin matembezi, akamwachia bastola yenye risasi bandia, na Penguin alipomfyatulia akawa amejihukumu mwenyewe. Anaponea ndani ya gari lililokwisha kuwekwa kwenye mashine ya kusaga vyuma, baada ya kumpigia simu mwendesha mashine na kumtishia kwa jina la Falcone.

Angalia alivyojifunza. Sehemu ya 21 anatuma wauaji kwa Maroni wakiwa na bunduki alizokwisha kuzitoa kipini kinachogonga risasi. Zikilia ka! bila kutoka kitu, huku mmoja wao ametaja jina la Falcone, Maroni anabaki hai na hasira zote zinamgeukia mzee. Penguin hakutaka Maroni afe siku ile. Alitaka vita, na vita akaipata. Sehemu ya 22 Maroni anapigwa risasi na Fish, Falcone anastaafu, Fish anatupwa kutoka juu ya jengo, na Penguin anabaki peke yake akipiga kelele kwamba yeye ndiye mfalme wa Gotham.

Swali: Nimetafuta Fish Mooney katika komiki za zamani, simwoni. (Msomaji, Zanzibar)

Hutamwona, dada. Alibuniwa kwa ajili ya tamthilia hii na kuigizwa na Jada Pinkett Smith. Wenzake ni wakongwe: Penguin alitokea Detective Comics namba 58 mwaka 1941, Riddler namba 140 mwaka 1948, Maroni mwaka 1942, Falcone akaja nyuma sana, Batman namba 404 ya mwaka 1987.

Kumbuni mtu mpya kulikuwa na faida kubwa. Anayejua komiki anajua Penguin na Selina, yule msichana mwizi anayekuja kuwa Catwoman, hawawezi kufa, maana Batman anawahitaji baadaye. Fish anaweza kufa sehemu yoyote, kwa hiyo kila anapokaa mezani na Falcone roho yako iko juu. Njama yake nayo ilikuwa ya kiutu uzima: alimtafuta msichana, Liza, akamfundisha nyimbo na tabia za marehemu mama yake Falcone, akampandikiza nyumbani kwa mzee. Ilivunjika sehemu ya 12 Penguin alipoichongea, na Falcone akamnyonga Liza kwa mikono yake.

Swali: Jerome ndiye Joker au siyo? Tumebishana kijiweni hadi tumenuniana. (Msomaji, Arusha)

Siyo Joker, yule adui mkuu wa Batman katika komiki, msinuniane. Jerome anakufa moja kwa moja msimu wa 4, sehemu ya 18. Pacha wake Jeremiah, mhandisi mpole, anapuliziwa gesi aliyoachiwa na Jerome, ngozi inageuka nyeupe na akili inahama. Msimu wa 5, sehemu ya 7, anatumbukia katika pipa la kemikali la Ace Chemicals, kama Joker wa komiki. Jina la Joker halitamkwi kwake hata mara moja, hata sehemu ya mwisho.

Wanaomtetea Jerome wana hoja moja nzito: uso wake kukatwa na kubandikwa tena msimu wa 3. Hilo limetoka kwa Joker mwenyewe, Detective Comics namba 1 ya mwaka 2011. Lakini Jeremiah kumpiga Selina risasi nyumbani kwa Bruce Wayne, kijana atakayekuja kuwa Batman, kunafuata tukio la komiki ya The Killing Joke ya mwaka 1988. Watunzi wamemgawa Joker kwa mapacha: mmoja amepewa kicheko, mwingine akili.

Swali: Kuanzia msimu wa 2 hakuna anayekufa akabaki amekufa. Kulikoni? (Msomaji, Bukavu)

Tunakubaliana nawe kabisa. Chanzo ni Indian Hill, maabara ya Profesa Hugo Strange chini ya Arkham, hospitali ya wahalifu wenye wazimu. Ikishakuwapo, Galavan anarudi, Fish anarudi, na baadaye wafuasi wa Jerome nao wanamfufua. Tamthilia ya uhalifu inasimama juu ya bei: ukimuua mtu, unalipa, na hawezi kurudishwa. Bei ikifutwa, hata bunduki iliyoelekezwa kichwani haitishi. Butch Gilzean, mtu wa mkono tuliyempenda kwa uaminifu wake uliojaa mashaka, alipigwa risasi ya kichwa akaja kuamka kinamasini akiwa Solomon Grundy.

Waliposahihisha, walifanya hivyo kwa njia ya Penguin. Msimu wa 4 unafungua na leseni za uhalifu: jambazi anabeba karatasi iliyotolewa na Penguin, anamwonyesha polisi, polisi anampisha. Asiye nayo anashughulikiwa na muuaji wa kukodiwa, Victor Zsasz. Uhalifu unapungua, na wakubwa wa mji wanaridhika. Kisha panatoboka pale pale panapotarajiwa: genge lisilotaka leseni linamtafuta Jonathan Crane na gesi yake ya hofu, kwa sababu mfumo mzima ulisimama juu ya watu kumwogopa Penguin, na sasa kuna mtu anayeuza hofu kubwa zaidi.

Swali: Edward Nygma aliharibika lini? Mimi naona ghafla tu. (Msomaji, Morogoro)

Nygma ni yule mtaalamu wa maabara ya polisi anayekuja kuwa Riddler. Rudia sehemu za 20 hadi 22 za msimu wa 1. Anamuua askari Dougherty aliyekuwa akimpiga Kristen Kringle, mtunza kumbukumbu wa kituo ambaye Nygma anampenda, kisha anaghushi barua ya kuaga kwa jina la marehemu. Simamisha picha uisome: herufi za mwanzo za mistari, kutoka juu kwenda chini, zinaandika NYGMA. Kringle ndiye anayeigundua. Anayetazama kopi iliyosimuliwa Kiswahili juu ya sauti ataipita, kwa kuwa kidokezo kipo kwenye karatasi. Nygma alikuwa anaficha maiti huku akitia saini.

Swali: The Penguin ya Colin Farrell ni mwendelezo wa Gotham? Nianze na ipi? (Msomaji, Muscat)

Si mwendelezo. Ile ya HBO ya mwaka 2024, sehemu 8, inafuata filamu ya The Batman ya mwaka 2022. Mle anaitwa Oz Cobb, na mpinzani wake ni Sofia Falcone, aliyefungwa Arkham miaka 10 kwa mauaji aliyoyafanya baba yake. Ukiwa na muda mfupi anza na hiyo, na usiiruke sehemu ya 4, ni ya Sofia. Gotham ina sehemu 100. Ya kuonja, tazama msimu wa 1, namba 1, 4, 6, 7, 12, 14, 21 na 22. Ukiona hizo hazijakushika, acha hapo, kwa sababu msimu wa 2 ni tamthilia ya namna nyingine.