Usimwachishe mama kemo kwa ajili ya nano

Mkuu, usitume hizo pesa. Umeandika kwamba saratani ya ovari ya mama imesambaa tumboni, na kuna mtu anakuuzia matone ya nano, yaani dawa ya chembe ndogo mno, "yanayosaka na kuua seli" za saratani, ambaye anataka mama aache kwanza kemo, dawa za hospitali za kuua saratani, ili dawa zisigongane. Sisi tuliambiwa hayohayo kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa kwenye kaboplatini na paklitakseli, dawa mbili za kemo, maji ya tumboni yanapungua, anakula. Akaja muuzaji na video: tumbo limejaa vidoa vya saratani vinavyong'aa kijani, kisha vinazimika kimoja kimoja. Hakusema kuwa lile ni tumbo la panya. Ukoo ukachanga, kemo ikasimamishwa, shangazi akawa anakunywa matone asubuhi na jioni. Maji yakarudi. Muuzaji akasema hiyo ni sumu inatoka, tuongeze chupa! Tuliporudi hospitali utumbo ulikuwa umeziba na mwili umeshachoka, hauwezi tena kubeba dripu. Tukamzika. Mtu anayemwona mgonjwa akivimba tumbo mbele yake na bado anawaambia ndugu kwamba anapona, mimi simsamehe.

Dawa ya nano ya kweli ipo. Doxil ni doksorubisini, dawa ya kemo, iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta, liposomu, vyenye upana wa nanometa zipatazo 100. Marekani iliiruhusu mwaka 1995, na kwa saratani ya ovari mwaka 1999. Ni dripu nyekundu ya mshipani, inasimamiwa na daktari wa saratani. Matone ya kunywa yanapita ndani ya utumbo, wakati ugonjwa wa mama uko nje yake, kwenye utando unaofunika viungo vya tumbo. Na hata dawa za nano zinazochomwa mshipani hupata shida kufika kwenye saratani: mapitio ya tafiti za wanyama yaliyotoka mwaka 2016 yalikuta kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya dozi ndiyo hufika kwenye uvimbe. Nyingi hudakwa na ini na wengu. Watafiti kina Paula Hammond kule MIT, chuo kikuu cha Marekani, wanazivika chembe za nano matabaka ili zizishike seli za saratani ya ovari, na kazi hiyo wameifanya kwa panya. Halafu mtu wa mtaani anakwambia yeye kashamaliza, anauza kwa chupa?

Mama asikose dripu hata moja kwa sababu ya nano. Yeyote anayekutajia, mdai jina kamili la dawa, lipeleke kwa daktari wake wa saratani, na kemo iendelee wakati mnasubiri jibu. Akikataa kutoa jina, mazungumzo yameisha.

Dripu yake inayofuata ni lini? Niandikie hapahapa kabla hujamjibu huyo muuzaji.