Maswali ya Wasomaji: Cheti cha Maabara na Maji ya Kunywa Shuleni

SWALI: Ndugu Mhariri, shule wanayosoma watoto wetu hutumia maji ya kisima kirefu, ambayo hupandishwa kwenye tangi na kusambazwa kwa mabomba hadi kwenye koki za uani. Muhula huu watoto kadhaa wameharisha. Tulipohoji katika kikao cha wazazi, tulionyeshwa cheti cha maabara cha miaka miwili iliyopita kinachosema kuwa maji ni salama. Je, cheti hicho kinatosha? Na kama hakitoshi, tudai nini?
Mzazi, mjumbe wa kamati ya shule

JIBU: Ndugu mzazi, cheti hicho hakitoshi, na mmefanya vyema kutoridhika nacho. Kipimo cha maabara hueleza hali ya maji yaliyokuwa ndani ya chupa siku yalipochotwa. Hakisemi lolote kuhusu mvua zilizonyesha baadaye, mfuniko wa tangi uliopasuka, wala bomba lililotoboka karibu na shimo la choo. Kuharisha kunaweza kusababishwa pia na chakula au mikono isiyonawiwa, lakini hiyo si sababu ya kuyaacha maji bila kuyachunguza. Wanaoharisha wapelekwe kituo cha afya, na maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa angalau dakika 1, au yatiwe klorini kwa kipimo sahihi, mpaka majibu mapya yapatikane.

Kisha kisomeni cheti chenyewe. Tazameni sampuli ilichotwa wapi. Ikiwa ilichotwa kwenye mdomo wa kisima, haiwahakikishii chochote kuhusu anachokunywa mtoto, kwa kuwa yeye hunywa kwenye koki, baada ya maji kukaa ndani ya tangi na kupita katika mabomba yote. Tazameni pia kilichopimwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka bakteria aina ya E. coli, ambao uwepo wao ni dalili kwamba kinyesi kimeingia majini, wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Cheti kinachotaja rangi, harufu na chumvi peke yake hakijagusa swali lenu.

Namna ya kuchota sampuli ndiyo inayoamua kama majibu yana maana, na kwa maoni yangu mjumbe mmoja wa kamati anapaswa kuwapo kazi hiyo inapofanyika. Kwa kipimo cha bakteria, mpimaji hutumia chupa iliyotakaswa na maabara. Hufuta mdomo wa koki, huutakasa kwa moto au spiriti, huacha maji yatiririke kwa dakika 1 au 2, kisha hufungua chupa na kukinga maji bila kugusa mdomo wake wala upande wa ndani wa kifuniko. Mkiona unga au matone machache ndani ya chupa, asiisuuze: hiyo ni sodiamu thaiosalfeti, ambayo huzima klorini ili isiendelee kuua bakteria njiani na kuyapa maji sifa yasiyostahili. Chupa husafirishwa ndani ya sanduku la baridi na kufikishwa maabara siku hiyohiyo, au kwa vyovyote vile kabla ya saa 24 kupita.

Kipimo cha madini ya risasi hudai kinyume kabisa. Risasi kwa kawaida haitoki kisimani, bali hutoka katika mabomba ya zamani, viungio vilivyochomelewa na koki za shaba nyeupe, nayo huyeyukia katika maji yaliyolala bombani. Kwa hiyo sampuli yake ni maji ya kwanza ya asubuhi, koki ikiwa haijafunguliwa tangu jana, na mpimaji akiyaacha yatiririke kwanza atakuwa amemwaga kile alichokuja kukitafuta. Mji wa Flint nchini Marekani ulibadili chanzo chake cha maji mwaka 2014 na kuanza kutumia maji ya mto bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu. Maji hayo yakala mabomba, na risasi ikafika kwenye koki za wananchi. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, lakini hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto.

Kwa kuwa maji yenu ni ya ardhini, dai pia lihusu madini yanayotokana na miamba na udongo: floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, aseniki mikrogramu 10, na naitreti miligramu 50. Kuchemsha hakuondoi hata kimoja kati ya hivi, wala hakuondoi risasi. Maji yanapopungua kwa mvuke, vitu hivyo hubaki na ukali wake huongezeka. Madini hayabadiliki upesi kama bakteria, hivyo hayahitaji kupimwa mara kwa mara kiasi hicho. Bakteria wapimwe kila muhula, na tena baada ya mafuriko au matengenezo yoyote.

SWALI: Shule yetu hupokea maji ya bomba yaliyokwisha kutiwa dawa. Je, sisi nasi tunahitaji kupima?
Mwalimu wa afya

JIBU: Ndiyo, mwalimu, na kipimo chenu cha kila siku ni rahisi. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa, hasa kwenye tangi lenye tope chini yake. Chukua kifaa kidogo cha kupimia klorini, jaza maji ya koki iliyo mbali zaidi na tangi, tumbukiza kidonge chake, kisha linganisha rangi ya waridi inayotokea na kipande cha rangi kilichomo. Klorini iliyobaki kwenye koki isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Maji yakibaki meupe kabisa, dawa imekwisha, na hapo tangi likaguliwe siku hiyohiyo badala ya kungoja maabara, ambayo huhitaji takriban siku nzima kuotesha bakteria. Kumbuka kwamba baadhi ya vimelea, kama kriptosporidiamu, huvumilia klorini, kwa hiyo maji yenye ukungu yachujwe kwanza.

Baada ya likizo, maji yaliyolala bombani kwa wiki kadhaa yamwagwe kabla ya wanafunzi kurudi, kila koki ikifunguliwa mpaka klorini ionekane tena, na vipimo viandikwe katika daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kuomba kulisoma.