Shangazi, nikope dola 72,000 kusomea matatizo ya usemi?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 18, ninaishi na wazazi wangu hapa Marekani. Vyuo vikuu viwili vimenikubali kusomea shahada ya kwanza ya matatizo ya mawasiliano, yaani usemi, lugha na usikivu. Mdogo wangu ana kigugumizi, na mtaalamu anayemsaidia shuleni ndiye aliyenifanya niipende kazi hii. Chuo binafsi ninachokitamani kinaniachia pengo la dola 18,000 kila mwaka baada ya ruzuku; chuo cha jimbo letu, dola 6,500. Baba yuko tayari kunidhamini benki. Binamu yangu anasema shahada hii haina mshahara, lakini nimesoma kwamba wataalamu wa usemi hulipwa vizuri. Nani mkweli? Binti wa Njia Panda.*

Marahaba, mwanangu. Binamu yako ni mkweli, na hayo uliyoyasoma ni ya kweli pia, ila yanahusu watu wawili tofauti. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha kwamba mshahara wa kati wa mtaalamu wa usemi na lugha ulikuwa dola 95,410 kwa mwaka, maana yake nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu wakapata pungufu. Lakini kwa kawaida mtaalamu huyo ni mtu mwenye shahada ya uzamili, ambaye ili apate cheti cha taifa alitimiza saa 400 za mafunzo ya kliniki, akafaulu mtihani, kisha akafanya kazi chini ya usimamizi kwa wiki zisizopungua 36. Anayeishia shahada ya kwanza huwa msaidizi wa mtaalamu katika majimbo yanayoruhusu, au msaidizi wa mwalimu darasani, au huenda kufanya kazi nyingine kabisa, na mshahara wake hauukaribii huo. Wa usikivu ndiyo safari yao ndefu zaidi, kwa sababu wao hudaiwa shahada ya udaktari ya fani hiyo.

Kwa hiyo shahada unayoitaka ni nusu ya njia, na kosa ninaloliogopa ni wewe kutumia fedha za njia nzima kabla hujafika katikati.

Nimezisoma barua mbili za vyuo ulizonitumia. Katika ile ya chuo binafsi, mkopo umeandikwa mstari mmoja chini ya ruzuku, vyote vikajumlishwa pamoja na kuitwa msaada, na jumla hiyo ikakolezwa wino. Chukua kalamu, mwanangu, uukate mstari wa mkopo, kisha ujumlishe upya. Ruzuku hairudishwi, mkopo utaulipa pamoja na riba.

Sasa tuzitazame hesabu zenyewe. Serikali ya shirikisho humkopesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetegemea wazazi dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili, na 7,500 kila mwaka katika miaka miwili ya mwisho, yaani dola 27,000 kwa jumla. Pengo la chuo cha jimbo kwa miaka minne ni dola 26,000, kwa hiyo kwa jumla linaenea humo, ingawa mwaka wa kwanza utapungukiwa kidogo. Pengo la chuo binafsi ni dola 72,000, na hizo 45,000 zinazozidi ndizo ambazo baba yako angezidhamini benki. Tuchukue, kwa mfano tu, riba ya asilimia 6 kwa mkopo wa serikali, asilimia 10 kwa wa benki, na miaka 10 ya kulipa. Ukitoka chuo cha jimbo utalipa karibu dola 290 kwa mwezi. Ukitoka chuo binafsi, karibu dola 895. Ongeza uzamili wa miaka miwili kwa mkopo wa serikali wa dola 20,500 kila mwaka, ambacho ndicho kikomo cha kawaida, kwa riba ya asilimia 8, na mwezi unaongezeka dola 500 hivi. Tazama linalojitokeza hapo: aliyepitia chuo cha jimbo akamaliza mpaka uzamili analipa karibu dola 790, wakati aliyepitia chuo binafsi akaishia shahada ya kwanza analipa zaidi yake, kwa mshahara wa msaidizi. Na hapo sijahesabu riba inayojikusanya ungali darasani.

Nimelikazia hilo la kuishia njiani kwa sababu nafasi za uzamili katika fani hii hugombewa sana, na wapo wanafunzi wenye bidii wanaozikosa mara ya kwanza. Isitoshe, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 serikali imewafungia wakopaji wapya ule mkopo wa ziada ambao wanafunzi wa uzamili walikuwa wakiuchukua kufidia gharama zote zilizobaki. Ukiwa umekwisha kujibebesha deni la benki, mlango wa pili utakuwa mwembamba zaidi.

Kuhusu baba yako nitasema wazi, kwa kuwa ninamheshimu: asitie saini. Wewe ukishindwa, benki itamwendea yeye. Mkopo wa serikali una mpango wa kulipa kulingana na kipato, na ukiajiriwa na shule ya umma au hospitali isiyo ya faida, salio husamehewa baada ya malipo 120 yanayokidhi masharti. Wataalamu wa usemi wengi hufanya kazi katika shule za umma, kwa hiyo msamaha huo unakuhusu hasa. Mkopo wa benki haumo katika mpango huo.

Usinielewe kwamba ninakukatisha tamaa. Niliwahi kukaa kando ya mzee aliyepigwa kiharusi, mtaalamu akigonga meza taratibu kwa kidole, silabi baada ya silabi, mpaka mzee akalitamka jina la mkewe. Kazi hiyo ina thamani kubwa, na leseni hutolewa kwa sifa zilezile kwa aliyetoka chuo cha jimbo na kwa aliyetoka chuo binafsi.

Kabla hujathibitisha nafasi, kiulize chuo cha jimbo ni wahitimu wangapi wa mwaka jana walioomba uzamili, na wangapi waliopata. Uliza pia kama jimbo lenu huwapa leseni wasaidizi wenye shahada ya kwanza, ili ujue utashika nini ukilazimika kusubiri mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza utapungukiwa dola 1,000, kwa kuwa pengo ni 6,500 na mkopo ni 5,500. Hizo zitafute kwa kazi ya likizo hii, au mwombe baba yako akusaidie hizo badala ya saini yake.