Chuo kiko ng'ambo, wadudu wako dukani kwako

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 31 na shahada ya kilimo. Tangu nimalize chuo nauza katika duka la pembejeo hapa Githurai 45. Kila siku akina mama wenye vishamba huniletea majani yaliyoliwa, wanataka dawa. Wengi nawauzia kwa kubahatisha, na jambo hilo linaninyima usingizi. Nimesikia vyuo vikuu vya nje vinafundisha uzamili wa sayansi ya wadudu kwa masafa, mtu akiwa kwake nyumbani. Naomba unijibu matatu. Mtu anaweza kweli kuwasoma wadudu kwenye kompyuta bila maabara? Hiyo shahada itatambulika Kenya? Na mke wangu anauliza, hao wadudu watatulisha?

Msomaji, Githurai

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema unauza kwa kubahatisha. Wauzaji wengi hubahatisha na wanalala vizuri. Wewe hulali. Hiyo ndiyo sababu nimeichagua barua yako mwezi huu na kuziacha nyingine zisubiri.

Mimi mwenyewe nilisoma entomolojia, yaani hiyo sayansi ya wadudu, kwa masafa nikiwa na miaka 41, katika nyumba ya vyumba viwili hapa Umoja, nikifundisha biolojia mchana. Chuo kilikuwa Marekani. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyepita njia hiyo, na jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, inawezekana. Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko Lincoln kinatoa uzamili wa namna hiyo, na Chuo Kikuu cha Florida vilevile. Mihadhara mingi hurekodiwa, unaisikiliza ukipata nafasi. Lakini pakiwa na mjadala wa ana kwa ana kwenye skrini, jua kwamba Lincoln iko nyuma yetu kwa saa 9 wakati wao wa baridi na saa 8 wakati wa joto. Kipindi kikianza kule saa 12 jioni mwezi wa Januari, Githurai ni saa 9 usiku. Panga na mke wako mapema kuhusu usiku huo, na uwe na namna ya kuendelea stima ikipotea.

Kinachowashinda watu si intaneti, ni mkono. Mdudu humjui kwa picha. Unamjua umemshika, umemgeuza, umehesabu pingili za papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, chini ya lenzi. Kozi nyingi zitakudai mkusanyo wako mwenyewe, wadudu waliotungwa kwenye sindano na kuandikiwa lebo, wa oda mbalimbali, yaani makundi makubwa ya wadudu, na unawaonyesha walimu kwa picha. Hapo ndipo mtu wa masafa anapogundua kwamba maabara anayo. Iko nje ya mlango.

Nikueleze usiku mmoja. Ilikuwa mvua ya masika, mwezi wa Aprili. Nilipanda juu ya paa la gorofa letu, pale tunapoanika nguo, nikatundika shuka jeupe kwenye kamba na kuwasha balbu mbele yake. Kumbikumbi walitangulia, wakajaa. Watoto wa majirani wakapanda ngazi mbio, kila mmoja na kopo lake. Nikawaambia kabla hamjala, tazameni mbawa. Kumbikumbi ana mbawa nne zenye urefu sawa na kiuno kinene. Siafu au sisimizi mwenye mbawa ana za mbele ndefu kuliko za nyuma, na kiuno chake kimebanwa kama kimefungwa uzi. Kijana mmoja wa darasa la tano akampata sisimizi mwenye mbawa katikati ya kumbikumbi wake, akapiga kelele ya furaha hadi mama yake akaita kutoka chini.

Kijana huyohuyo, baadaye kidogo, mdudu mwembamba alimtua shingoni. Mwekundu wa rangi ya chungwa na mweusi kwa mapingili, mrefu kama punje ya mchele. Mkono wa mtoto ulikuwa umeshainuka kumpiga. Niliudaka hewani, nikampuliza yule mdudu akaanguka.

Huyo ndiye Nairobi fly, ambaye jiji zima linamwita nzi na si nzi. Nzi wana mbawa mbili tu, na nyuma ya hizo vijiti viwili vidogo vya kujisawazishia wanaporuka. Huyu ni mbawakawa. Ukimtazama kwa lenzi unaona vifuniko viwili vifupi vya mbawa, rangi ya buluu iliyoiva, vimefunika kipande kidogo cha mgongo tu, kama koti la mtoto alilovaa mtu mzima. Haumi wala hachomi. Sumu iko ndani ya damu yake, inaitwa pederini, na hutengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Ukimponda ndipo inapokumwagikia, na baada ya siku moja au mbili ngozi inaungua na kutoa malengelenge. Kwa hiyo mpulize au mpukute kwa karatasi, kisha uoshe mahali alipopita kwa sabuni.

Niliandika habari hiyo katika kazi yangu ya wiki. Mwalimu wangu wa kule, mtu aliyewasoma mbawakawa maisha yake yote, alikuwa hajawahi kumwona huyu akiwa hai. Akaniomba picha zaidi, za juu, za ubavu, za tumbo. Tangu siku hiyo niliacha kujiona mwanafunzi aliyekaa mbali na darasa. Kwa mdudu yule, aliyekuwa mbali ni yeye.

Sasa makosa, ili wewe usiyarudie. Sanduku langu la kwanza niliwatunga wadudu kwa pini za fundi wa nguo. Ndani ya miezi michache zilishika kutu, na kila nilipoinua pini mdudu alivunjika. Sindano za wadudu ni za chuma kisichoshika kutu, ndefu na nyembamba, namba 2 itakutosha kwa wengi. Mbawakawa unamdunga kwenye kifuniko cha mbawa cha kulia, nzi upande wa kulia wa kifua ili wa kushoto ubaki mzima wa kusomwa, kipepeo katikati ya kifua. Chini ya sindano lebo ndogo: mahali, tarehe, aliyemkusanya. Mdudu asiye na lebo hana kazi katika sayansi hata akiwa mzuri namna gani.

Sanduku la pili nilitandika chini ile povu nyeupe ngumu inayokuja na televisheni mpya, nikaweka vidonge vya naftalini kuzuia waharibifu. Naftalini ikaiyeyusha povu. Sindano zililala zote upande mmoja. Siku hizi natumia soli ya ndara kuukuu, naikata kwa wembe, haiyeyuki na inashika sindano vizuri. Na vipepeo wangu wanne wa kwanza niliwaacha wakauke barazani usiku kucha. Asubuhi nilikuta mbawa tu, miili imeliwa na sisimizi. Miguu ya meza yako ya kukaushia iweke ndani ya vikopo vya maji.

Nakuja kwenye duka lako, kwa sababu hapo ndipo ninapokuonea wivu. Mimi nilizunguka kutafuta wadudu. Wewe wanaletwa kwenye mifuko, na kila mfuko una mtu wa kukueleza shamba liko wapi, limepandwa lini, limepigwa dawa gani.

Chukua jani la nyanya. Mama anakuletea jani lenye alama nyeupe, anasema ni mdudu, nipe dawa. Liinue kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba uliopindapinda kama njia ya konokono, huyo ni buu wa kijinzi kidogo kinachochimba majani. Ukiona doa pana, ngozi ya jani imebaki kama karatasi ya kuchorea, na ndani vinyesi vyeusi vimekusanyika, huenda ni Tuta absoluta, nondo mdogo wa asili ya Amerika Kusini aliyeonekana Kenya mwaka 2014. Jirani zetu wa Tanzania wanamwita kantangaze. Pasua doa hilo kwa ncha ya sindano. Buu yuko humo ndani, kati ya ngozi mbili za jani, na dawa inayobaki juu ya jani haimfiki. Huingia hata kwenye tunda, kwa pale juu penye kikonyo. Ndiyo maana yule mama anarudi kwako kila wiki akisema dawa yako imechakaa, na wewe unamuuzia nyingine kali zaidi, na nondo wanazidi kuizoea.

Au kiwavi wa mahindi. Viwavijeshi vamizi walithibitishwa Kenya mwaka 2017. Mtu akikuletea kiwavi, tazama uso wake: ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Halafu tazama karibu na mkia, pingili ya pili kutoka mwisho ina vidoa vinne vyeusi vilivyojipanga pembe nne sawasawa. Ukiviona vyote viwili umempata. Hili halihitaji hata shahada kulianza, linahitaji lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 na mchana mzuri.

Jambo la vibali usilipuuze. Kukusanya wadudu katika msitu wa serikali au mbuga kunahitaji ruhusa, na utafiti rasmi nchini unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Wala usimtie mdudu kwenye bahasha kumpeleka kwa mwalimu wako ng'ambo bila vibali vya pande zote mbili. Tuma picha. Kwa mwanafunzi anayeanza, paa la nyumba, bustani ya jirani aliyekuruhusu na mifuko ya wateja wako vinatosha kwa mwaka mzima.

Kuhusu kutambulika, nitakuwa mfupi. Kwa habari za kutambuliwa kwa shahada za nje, anzia kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Nenda ukaulize kabla hujalipa hata shilingi, taja chuo, taja kozi, taja kwamba unasoma kwa masafa, na upate jibu kwa maandishi. Namfahamu mtu aliyelipia miaka miwili mahali ambapo hata nchi yenyewe ya chuo hicho haikukitambua. Alilia ofisini kwangu. Na ada za Marekani huhesabiwa kwa kila kozi, kwa dola, kwa hiyo piga hesabu ya safari yote tangu mwanzo hadi mwisho, usipige ya muhula mmoja.

Kabla ya ng'ambo, panda matatu ushuke Kasarani. Duduville, makao ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, iko pale. Profesa Thomas Odhiambo alikianzisha kituo hicho mwaka 1970, Mkenya aliyeamini kwamba wadudu wa Afrika wanapaswa kusomwa Afrika, na tangu 1983 wanao mpango wa kuwalea wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi nyingi za bara hili. Wewe unatafuta uzamili, najua, lakini jua kwamba ngazi inayofuata iko safari fupi kutoka kwako. Pale Museum Hill nako Makumbusho ya Taifa yana mkusanyo wa wadudu wa Afrika Mashariki. Mtu wa masafa lazima awe na mtu mmoja wa karibu mwenye hadubini na moyo wa kusaidia. Mtafute kabla hujajisajili. Mimi niliyempata alikuwa fundi wa maabara aliyekaribia kustaafu, aliniachia meza yake kila Jumamosi asubuhi kwa miaka miwili bila kuniomba chochote, na bila yeye nisingemaliza.

Sasa swali la mke wako, na nimsalimie. Ni swali la haki. Maembe ya Kenya yaliacha kwenda soko la Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, na yakaanza kurudi mwaka 2021. Miaka yote hiyo wakulima walikuwa wakitafuta watu wanaomjua nzi huyo. Mashamba ya maua yanaajiri watu wa kupita kwenye mistari ya waridi kutafuta mabuu ya nondo kabla ya mzigo kufika uwanja wa ndege. KEPHIS, shirika la afya ya mimea, wanakagua; KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wanatafiti; KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, wanawasoma mbu. Wengine wanafuga nzi askari mweusi kwa taka za jikoni na kuuza mabuu kuwa chakula cha kuku. Siwezi kumuahidi kwamba utapata kazi mwezi utakaohitimu, mimi nilikaa mwaka na miezi minane. Ila namuomba jambo moja: akupe muda wa kujaribu bila gharama kabla hajakataa wala kukubali.

Kujaribu kwenyewe ni hivi. Nunua lenzi, sindano mia moja na daftari gumu. Kwa miezi mitatu, kila mfuko unaoingia dukani, andika tarehe, eneo, mmea, na sababu iliyokuridhisha kwamba mdudu ni fulani. Usipomjua, andika simjui, umhifadhi kwenye spiriti, na umwambie mteja ukweli kwamba leo humuuzii dawa mpaka umjue. Wachache wataondoka na kwenda duka la jirani. Yule mama wa nyanya atarudi.

Miezi mitatu ikiisha niandikie tena, unitajie wangapi uliwajua na wangapi ulishindwa. Wale ulioshindwa ndio nitakaotaka kuwaona. Ukiwa tayari, niletee chupa zao Jumamosi, tukae nao kwenye hadubini.